FEDHA NDANI YA FEDHA: SARAFU YA BABU INA FEDHA KIASI GANI?

Lugha yetu ina neno moja linalofanya kazi mbili. Tukisema fedha, pengine tunazungumzia ile metali nyeupe ya kutengenezea bangili na mikufu, na pengine tunazungumzia zile za kulipia karo. Si ajabu. Zamani vitu hivi viwili vilikuwa kitu kimoja, na aliyekuwa na rupia mkononi alikuwa ameshika fedha kwa maana zote mbili. Leo ukishika shilingi hushiki fedha hata chembe (ile metali, nakusudia). Katika makala haya metali nitaiita fedha, na zile za kununulia nitaziita pesa au sarafu, ili tusije tukachanganyana.

Swali langu ni hili: ukiokota sarafu kuukuu shambani, utajuaje ina fedha kiasi gani? Usidhani ni swali la mchezo. Hapa kwetu siku ya soko huja jamaa mmoja na begi lake, ati ananunua pesa za wakoloni. Bei yake ni moja tu, shilingi hamsini kwa kila sarafu nyeupe, iwe kubwa iwe ndogo, iwe ya mwaka gani. Watu hufurahi, maana sarafu isiyonunua hata peremende kuleta hamsini nzima ni bahati ya mtende. Nyanya yangu alimwuzia kumi na moja kutoka kwenye mkebe wake wa majani chai. Miongoni mwake zilikuwemo rupia nne. Nitakupa hesabu ya rupia hizo nne baadaye kidogo, kwanza tuelewane kuhusu mambo mengine.

Mjomba wangu huchimba dhahabu kule Migori. Likizo ya Agosti alikuja na mashine ya kutafutia madini, ile yenye mpini mrefu na sahani ya mviringo chini, ambayo wenyewe huiita ditekta. Babu alimruhusu aipitishe pale palipokuwa na maduka ya zamani kwenye shamba lake, kando ya barabara iendayo Mumias. Mumias, kwa wasiojua, palikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara wa pwani kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, kwa hiyo pesa za kila namna zilipitia huku. Kwa siku mbili tulichimbua vizibo vya soda visivyo na idadi, misumari, bawaba ya mlango, kijiko kimoja, na sarafu kumi na nne.

Nilidhani mashine ile ingetuambia ipi ni ya fedha. Mjomba alicheka. Ndani ya ile sahani mna koili ya waya. Mkondo wa umeme unaobadilika-badilika hupita humo na kufanya ugasumaku unaobadilika pia. Ugasumaku huo ukikuta metali ardhini huamsha vijimikondo ndani yake, navyo hurudisha ishara juu. Msumari wa chuma hurudisha ishara ya namna yake, na metali inayopitisha umeme vizuri hurudisha ya namna nyingine. Sasa, fedha ndiyo inayopitisha umeme vizuri kushinda metali zote, lakini shaba inaifuata unyounyo. Pesa nzito ya shaba inaweza kupiga mlio ule ule wa rupia. Ditekta hukuonyesha mahali pa kuchimba, basi. Kujua ulichochimba ni kazi yako.

Na kazi hiyo, ajabu ni kwamba haianzi na asidi wala mizani. Inaanza na kusoma. Sarafu za Afrika Mashariki hazikupoteza fedha yao kidogo kidogo kama sabuni inavyokwisha. Zilishuka ngazi, na kila ngazi ina mwaka wake. Ukiujua mwaka, umejua mengi.

Ngazi ya juu kabisa ni rupia ya India, ambayo ndiyo iliyokuwa pesa kuu ya Kenya na Uganda hadi mwaka 1920. Uzito wake ni gramu 11.66, na katika kila sehemu 1000 za metali yake, 917 ni fedha, zilizobaki ni shaba. Shaba hutiwa kwa sababu fedha tupu ni laini na huchakaa upesi mifukoni. Kwa hiyo rupia moja ina fedha gramu 10.69. Utaitambua kwa maneno ONE RUPEE na INDIA, na upande wa pili kichwa cha Malkia Victoria, au cha Mfalme Edward wa Saba mwenye upara, au cha George wa Tano mwenye taji. (Ile ya George ya mwaka 1911 ina kisa chake. Kwenye joho la mfalme palichorwa tembo mdogo, lakini watu walimwona kama nguruwe, Waislamu wakachukizwa, na mwaka uliofuata mchoro ukarekebishwa.) Rupia ya Wajerumani waliotawala Tanganyika ilikuwa na uzito huo huo na fedha ile ile. Hiyo ina Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake. Na ile adimu ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ya mwaka 1888, yenye jina MOMBASA na picha ya mizani, nayo ni vivyo hivyo. Lakini angalia, mwaka huo huo kampuni ilitoa pia pesa ya shaba yenye mizani, na hiyo ndiyo watu wengi walio nayo. Ikiwa yako ni ya hudhurungi, usipige kelele bado.

Kando ya rupia kulikuwa na vipande vidogo vya senti 50 na senti 25, vyenye maneno EAST AFRICA AND UGANDA PROTECTORATES. Vya kuanzia mwaka 1906 hadi kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa na sehemu 800 za fedha katika 1000. Kipande cha senti 25 ni chepesi, hakifiki hata gramu tatu, na ndicho ambacho wanunuzi hukitupilia mbali wakisema ni kidogo mno. Kina fedha gramu 2.33. Shilingi kubwa ya mwaka 1942 ina gramu 1.94. Kidogo kimeshinda kikubwa!

Imekuwaje shilingi ikawa na fedha haba hivyo? Baada ya ile vita bei ya fedha duniani ilipanda mno, hata fedha iliyo ndani ya rupia ikawa na thamani kuliko rupia yenyewe. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na mwaka 1920 ikaleta florini. Florini ilikuwa na uzito ule ule wa rupia, gramu 11.66, lakini nusu yake tu ndiyo fedha. Florini haikukaa. Ikaja shilingi, ile yenye simba amesimama na milima nyuma yake, sarafu za kwanza zikiwa na mwaka 1921. Shilingi ina gramu 7.78, na fedha ni asilimia 25 tu.

Hebu piga hesabu nami. Rupia moja ilibadilishwa kwa florini moja, na florini moja kwa shilingi mbili. Mtu aliyekuwa na rupia alikuwa na fedha gramu 10.69. Akapewa florini, akabaki na 5.83. Akapewa shilingi mbili, akabaki na 3.89. Kwenye daftari hakupoteza hata senti. Kwenye mizani alipoteza karibu theluthi mbili, na sidhani kama kuna aliyemweleza.

Ngazi ya mwisho ni mwaka 1948. Kule Uingereza sarafu za fedha zilikomeshwa mwaka 1947, kwa kuwa serikali ilihitaji fedha yake kulipia ile iliyokopa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huku kwetu shilingi na senti 50 za kuanzia 1948 zikawa za kupronikeli, yaani shaba iliyochanganywa na nikeli. Nyeupe, nzuri, zenye simba yule yule, na fedha sufuri. Sasa utafanyaje ikiwa mwaka umefutika kwa kuchakaa? Zungusha upande wa mfalme usome herufi za pembeni. Ukiona IND IMP, kifupi cha maneno ya Kilatini ya kumwita mfalme mtawala wa India, hiyo ni ya zamani yenye fedha. India ilipata uhuru mwaka 1947, na shilingi za 1948 hadi 1952 hazina maneno hayo, zimeandikwa GEORGIVS SEXTVS REX pekee. Kwa hiyo herufi sita tu zinakutenganishia fedha na kupronikeli, bila kifaa chochote. Kama kuna jambo moja utakalolikumbuka katika makala haya, naomba liwe hilo. Na ukiona kichwa cha Malkia Elizabeth kwenye senti 50, wala usihangaike, hiyo haina fedha.

Senti zenye tundu je? Nyingi tulizochimbua zilikuwa hizo, tisa kati ya kumi na nne. Tundu lilisaidia watu kuzitunga kwenye kamba. Zile za tangu 1921 ni za shaba nyekundu iliyochanganywa, na hakuna anayezidhania kuwa fedha. Shida ni zile za kabla ya hapo, ambazo ni nyeupe. Rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Pili ana senti kumi nyeupe yenye tundu ya mwaka 1911, na alikuwa ameapa kuwa ni fedha tupu. Ni kupronikeli. Katika sarafu za Afrika Mashariki ya Kiingereza, yenye tundu haina fedha. Kanuni hiyo ni nyepesi kuliko kanuni zote za hesabati tulizofundishwa.

Basi kuna nini cha kupima ikiwa kusoma kunatosha? Kuna sarafu za bandia, na kuna zilizolika hata herufi hazionekani. Hapo ndipo majaribio yanapohitajika, na hapo ndipo uwongo mwingi unapozungumzwa.

Wa kwanza ni uwongo wa sumaku. Utasikia, "Haikunaswa na sumaku, basi ni fedha." La hasha! Fedha hainaswi, kweli, lakini shaba pia hainaswi, wala kupronikeli, wala risasi. Sumaku inaweza kukuambia tu kwamba kitu fulani si fedha, maana kikinaswa kina chuma au nikeli nyingi ndani. Jaribu sumaku hata hivyo, haigharimu kitu.

Rangi husaidia zaidi ukiwa na subira. Sarafu yenye fedha nyingi ikikaa ardhini hutoka na weusi au kijivu cheusi, kwa sababu fedha huungana na salfa. Yenye shaba nyingi hutoka na kijani. Shilingi ya asilimia 25 ni shaba kuliko ilivyo fedha, kwa hiyo hutoka kijani, na watu huitupa. Ikichakaa, pua ya mfalme na mgongo wa simba huonyesha umanjano kama wa shaba. Kwenye rupia hutaona hivyo, rupia iliyolika hubaki nyeupe hadi ndani.

Jaribio la barafu ndilo lililowapendeza wenzangu. Chukua vipande viwili vya barafu vyenye ukubwa sawa, kimoja uweke juu ya rupia na kingine juu ya shilingi ya 1950. Fedha hupitisha joto vizuri ajabu, na barafu juu ya rupia itaanza kuyeyuka papo hapo kama iliyowekwa juu ya jiko. Kupronikeli hupitisha joto vibaya. Lakini shaba nayo hupitisha joto karibu sawa na fedha, kwa hiyo jaribio hili halitakukinga na sarafu ya shaba iliyopakwa fedha juu.

Linalobaki ni jaribio la maji, na hili mwalimu wetu wa fizikia alitusaidia kulifanya kwenye maabara. Kila mtu wa Kidato cha Kwanza anaijua densiti, uzito ukigawanywa kwa ujazo. Fedha ina gramu 10.49 kwa kila sentimita ya ujazo, shaba ina 8.96. Kadiri fedha inavyozidi ndani ya sarafu ndivyo densiti inavyopanda. Weka bika lenye maji juu ya mizani ya kielektroniki, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba uining'inize ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, hiyo namba ndiyo ujazo wa sarafu yako. Futa mapovu kwanza, povu moja huharibu kila kitu.

Rupia yetu, iliyokwisha chakaa kidogo, ilikuwa na gramu 11.48, na maji yakaonyesha 1.11. Gawanya, unapata 10.34. Hicho ndicho kinachotarajiwa kwa fedha ya 917. Tulipiga makofi. Shilingi ya 1942 ilikuwa na gramu 7.69 na maji 0.83, jibu 9.27. Shilingi ya 1950 ilikuwa 7.72 na maji 0.87, jibu 8.87. Zote zinakubaliana na mwaka ulioandikwa.

Lakini angalia vizuri namba hizo kabla hujalisifu jaribio. Kati ya shilingi yenye fedha na isiyo na fedha, tofauti ya maji ni gramu 0.04. Mizani za duka la nyama haziwezi kuiona tofauti hiyo, hata mizani nyingi za shule haziwezi. Kwa rupia ni rahisi, maana kama ingekuwa ya kupronikeli maji yangeonyesha karibu 1.29 badala ya 1.11. Kwa maneno mengine, maji hufaa kwa sarafu yenye fedha nyingi, na ile yenye fedha chache itambue kwa macho. Anayekuambia amepima shilingi ya simba kwa mizani ya mkononi pale sokoni anakuchezea.

Asidi sitaieleza namna ya kuitumia. Masonara hutumia asidi ya nitriki baada ya kukwaruza, wao wana mazoea. Huchoma ngozi, hutoa moshi mbaya, na huacha kovu kwenye sarafu. Hata kusugua kwa majivu, ndimu au waya wa kuoshea sufuria ni kuharibu. Wanaokusanya sarafu hulipia uso wa zamani ulivyo, na iliyosuguliwa ikang'aa huishia kununuliwa kwa uzito tu. Osha kwa maji, kausha kwa kitambaa laini, basi.

Sasa rupia nne za nyanya. Hata tukitoa kiasi cha kuchakaa, zilikuwa na fedha inayozidi gramu 40, naye alipewa shilingi mia mbili. Yaani kama shilingi tano kwa gramu. Nenda kwa sonara yeyote mjini umwulize anauza gramu moja ya fedha kwa kiasi gani, halafu uje tuzungumze. Zile saba nyingine, kwa jinsi anavyozikumbuka nyanya, zilikuwa za simba, na baadhi zilikuwa na kichwa cha mwanamke. Kwa zile za Elizabeth yule jamaa ndiye aliyepata hasara. Nyanya alipoelezwa haya hakulia, alisema, "Mjukuu wangu, basi niandikie hizo herufi mahali." Nimemwandikia IND IMP kwenye kifuniko cha mkebe.

Jambo la sheria nalo lisisahaulike, hasa kwa wanaotamani kukodi ditekta na kuanza kuchimba kila mahali. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa kitu cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Kwa hiyo ile rupia ya Mombasa ya 1888 imo, shilingi ya 1921 haimo. Kuchimbua vitu vya kale vya kihistoria kunahitaji leseni, na magofu kama ya Gede hayaguswi kabisa. Shambani kwenu uliza mwenye shamba kwanza, hata kama ni babu yako.

Mwalimu wa fizikia amekubali kufungua maabara Alhamisi ya pili ya muhula ujao, saa kumi jioni, baada ya mkutano wa Chama cha Kiswahili. Lete sarafu zako jinsi zilivyo, na uchafu wake. Uzi tunao, maji tunayo. Anayeweza kuja na barafu aje nayo ndani ya chupa ya chai, maana kantini yetu haina friji.